Jina la Asumini: Lilikotoka na Lililopitia

Maneno haya yalisemwa mbele ya kikao cha wapanda maua na wapenzi wa Kiswahili, Unguja. Yanawekwa hapa yote kwa ajili ya wenzetu waliokosa kufika.

Wazee wangu, walimu wangu, mama zangu na dada zangu, ndugu zangu wapanda maua, assalamu alaykum, na wageni wetu wote karibuni.

Nimepewa nafasi ya kuzungumza juu ya ua moja, nami nimechagua asumini, kwa sababu silijui ua jingine ambalo pwani yetu imelipenda kiasi hiki na kulitumia kiasi hiki huku jina lake likibaki bila kuulizwa sawasawa. Tunatunga makoja ya asumini. Tunaitia katika vikuba, vile vishada vidogo vya kujipamba, pamoja na mrehani, mkadi na waridi. Tunaitandaza juu ya kitanda cha maharusi, tunairoweka katika mafuta ya nazi ya kupaka nywele, na watoto wetu wa kike tunawaita Asumini, Asmini, Yasmini. Kila anapozaliwa mtoto akapewa jina hilo, hakosekani mtu wa kuuliza: maana yake nini? Na siku hizi jibu linapatikana upesi mno, kwani orodha za majina ya watoto zinazozunguka kwenye simu zetu zinasema kwamba Yasmini maana yake ni "zawadi ya Mungu".

Mabibi na mabwana, mtoto ni zawadi ya Mungu, hilo halina ubishi hata kidogo. Lakini jina la asumini halisemi hivyo. Ndani ya jina hili hamna mzizi wa Kiajemi wala wa Kiarabu wenye maana ya zawadi, wala wenye maana ya Mungu, na aliyeiandika tafsiri hiyo mara ya kwanza aliipenda kwanza ndipo akaiandika. Basi jina hili linasema nini? Limetoka wapi? Na kwa nini karibu kila taifa lililolipokea liliona lazima lilichambue na kulitafutia maana nyingine ya ndani? Hayo ndiyo yaliyonisimamisha mbele yenu.

Tuanze na lilikotoka. Neno hili ni la Uajemi. Katika Kipahlavi, ambacho ndicho Kiajemi kilichozungumzwa kabla ya kuja kwa Uislamu, ua liliitwa yasaman, na maana ya yasaman ni ua lenyewe, kama vile maana ya mnazi ilivyo mti ule ule unaouona mbele yako. Wazoroasta, ambao dini yao ndiyo iliyokuwa dini ya wafalme wa Uajemi wa zama zile, wana kitabu chao kiitwacho Bundahishn kinachoeleza kuumbwa kwa ulimwengu, na ndani yake imo orodha ya maua, kila moja likiwa limepewa mmoja wa watukufu wa mbinguni. Yasmini nyeupe amepewa Bahman, ambaye kwao ndiye mlinzi wa Nia Njema. Lizingatieni jambo hili, ndugu zangu. Waajemi walilipandisha ua lao hadi mbinguni, wakalipa daraja na mlinzi, lakini jina lake hawakulitafsiri kwa sababu halikuwa fumbo kwao.

Shahidi mwingine wa kale ni Dioscorides, tabibu wa Kiyunani wa karne ya 1, aliyeandika kitabu kikubwa cha dawa. Yeye anataja mafuta ya kunukia ambayo Waajemi walijipaka katika karamu zao, na anaeleza kwamba yalitengenezwa kwa kuroweka maua meupe katika mafuta ya ufuta. Jina analoyapa mafuta hayo limeandikwa Kiyunani, lakini sauti iliyomo ndani yake ni ile ile ya Kiajemi. Mama zangu mliopo hapa mnaijua kazi hiyo kwa mikono yenu: tumba za asumini huchumwa jioni kabla hazijafunguka, hutiwa katika mafuta, huachwa usiku kucha zichanue humo humo, kisha asubuhi huchujwa na kutiwa tumba nyingine mpaka mafuta yashike harufu. Wao walitumia ufuta, nasi tunatumia nazi. Ufundi ni mmoja, na umri wake si chini ya miaka 1,900.

Kutoka Uajemi neno likaingia Uarabuni likawa yasamin, na hapo ndipo lilipoanza kufanyiwa mambo. Wengi wenu mmesoma madrasa, mnajua kwamba katika Kiarabu neno linalokwisha kwa -in linaweza kuwa wingi: muslimun, muslimin. Sasa sikilizeni walichofanya wenye lugha. Baadhi yao walilitazama neno hili la kigeni, wakaona mwisho wake, wakasema: huu ni wingi. Wakaligeuza mwisho wake kama wingi, wakasema yasamun pale sarufi inapodai yasamun, na yasamin pale inapodai yasamin, na wakalitolea umoja wake, yasam. Mgeni alikuja na kanzu yake, wenyeji wakaishona upya kwa kipimo chao. Nawaombeni mliweke jambo hili akilini, kwa sababu sisi nasi tulilifanya, kwa njia yetu, na nitalifikia.

Lakini Waarabu hawakuishia kwenye sarufi. Washairi walilikata jina vipande viwili. Kipande cha kwanza wakakisoma ya's, yaani kukata tamaa. Cha pili wakakisoma mayn, yaani uongo. Wako waliolichukia ua hili kama zawadi ya mpenzi, wakisema: umeniletea kitu ambacho mwanzo wake ni kukata tamaa na mwisho wake ni uongo! Na wako walioviunganisha vipande vile vile viwili wakapata kinyume chake: kukata tamaa ni uongo, basi usikate tamaa. Ua lile lile, herufi zile zile. Huyu anaona ndege mbaya, yule anaona faraja. Je, kuna mmoja kati yao aliyekuwa anaeleza asili ya neno? Hapana. Neno la Kiajemi haliwezi kuzaliwa na maneno mawili ya Kiarabu. Walikuwa wanacheza na lugha yao, na mchezo ulikuwa mzuri, na mpaka leo tafsiri hiyo ya pili inasambazwa kana kwamba ndiyo historia.

Msidhani jambo hili ni la Waarabu peke yao. Nendeni Ufilipino. Kule asumini, hii hii ya uani kwetu, inaitwa sampaguita, na mwaka 1934 ilitangazwa rasmi kuwa ua la taifa. Mfilipino akiulizwa asili ya jina hilo, mara nyingi husimulia kisa cha wapendanao wawili walioahidiana, na mmoja akafa kabla ya ahadi kutimia. Juu ya kaburi ukaota mmea wa maua meupe, na watu wakasikia maneno ya Kitagalog "sumpa kita", maana yake naapa kwako. Kisa kinatoa machozi. Lakini jina lenyewe lina njia nyingine. Katika Kitagalog ua liliitwa sampaga, neno lililotoka mbali, katika Kisanskriti cha India, ambako champaka ni mti mwingine kabisa wenye maua ya manjano yanukiayo. Wahispania walipotawala visiwa vile, wakalitia sampaga mkia wao wa kudogosha, -ita, likawa sampaguita, kana kwamba wanasema sampaga kadogo. Kwa hiyo jina la ua la taifa la Ufilipino ni la Kihindi mwilini, la Kihispania mkiani, na awali lilikuwa la mti mwingine. Je, hilo linalipunguzia heshima? Kwangu mimi linaliongezea, kwa kuwa linaonyesha ni watu wangapi waliolishika ua hili mkononi kabla halijafika pale.

Ndugu zangu, sasa tufike nyumbani.

Yasamin ilipofika kwenye ndimi za Waswahili, ilipoteza y yake kwa wengi, ikabaki asmini. Kisha wengine wakaona s na m zimekaribiana mno wakazitenganisha kwa u, wakapata asumini. Huu haukuwa utepetevu wa matamshi. Ndivyo Kiswahili kilivyolifanya neno ism la Kiarabu likawa isimu. Na wale walioacha asmini bila u wana haki yao vilevile, kwa maana neno rasmi tunalitamka kila siku bila kulitia kitu katikati. Kwa hiyo msibishane nani anasema vizuri. Asumini, asmini, yasmini: zote tatu ni hatua za safari moja, na mtu akikusahihisha kwa ukali, mwambie kwa upole kwamba lugha yetu imezikaribisha zote.

Lakini kazi kubwa tuliyoifanya haikuwa ya matamshi. Waarabu walilitia jina hili sarufi ya wingi. Sisi tulilitia nini? Tulilitia mw-. Tukasema mwasumini. Mti ni mwasumini, ua lake ni asumini, kama mwembe na embe, kama mkarafuu na karafuu, kama mlangilangi na langilangi. Kiarabu kwa neno lile lile moja humaanisha mmea na ua lake. Kiswahili kikakataa, kikasema kinachoota ni kimoja na kinachochumwa ni kingine. Basi anayesema "nimepanda asumini" anaeleweka, lakini anayesema "nimepanda mwasumini, naingoja asumini yake" amesema Kiswahili kwa ukamilifu wake. Na nasikitika kuona vibao vya miche madukani vimeandikwa jina la Kiingereza pekee, au asumini pekee, na mwasumini umeachwa nje.

Tena mwasumini huu wa uani una siri ambayo wapandaji mnaijua na wasomi wa lugha huisahau. Ni mara ngapi mmeona tunda la mwasumini wa nyumbani? Hauzai, au huzaa kwa nadra mno, hasa zile aina zenye petali nyingi. Asili yake ni kusini mwa Asia, na huku kwetu huoteshwa kwa kijiti kilichokatwa, au kwa tawi linalofukiwa udongoni mpaka litoe mizizi. Fikirini maana yake. Hapana ndege aliyeumeza na kuudondosha ng'ambo ya bahari. Hapana mkondo wa maji uliouleta. Kila mwasumini ulioko katika kiwanja cha nyumba ya Unguja, Pemba, Mombasa au Lamu ni kipande cha mwasumini mwingine, nao ni kipande cha mwingine, mkono kwa mkono, mpaka nje ya bahari hii. Mmea usiotembea bila mtu, na jina lisilotembea bila mdomo: viwili hivi vilipanda chombo pamoja. Mtu aliyebeba kijiti ndiye huyo huyo aliyesema, "Huu unaitwa hivi."

Na kabla haujafika, je, pwani yetu haikuwa na yasmini? Ilikuwa nayo! Hapa ndipo ninapowaomba mnisikilize kwa makini zaidi. Katika vichaka vyetu vya pwani, juu ya mawe ya matumbawe na kando ya mashamba, zinaota yasmini za porini zinazotambaa juu ya miti mingine, zenye nyota nyembamba nyeupe na harufu inayokushika jioni kabla hujauona mmea wenyewe. Yasmini ya porini Kiswahili kina jina lake: mwafu, na ua lake ni afu. Wazee wetu hawakulichanganya. La uani asumini, la porini afu. Majina mawili, na hata aliyefumba macho akiyanusa huyajua kuwa ni ndugu.

Sasa tazameni yaliyolipata ndugu huyu wa porini. Miongoni mwa yasmini za porini za Afrika Mashariki, mojawapo iliyoenea sana ni ile yenye vijani vitatu vitatu katika kila kikonyo, matunda yake yakiwa meusi yakiiva. Wataalamu wa mimea duniani wanaiita Jasminum fluminense. Neno fluminense ni la Kilatini, na maana yake hapa ni "ya Rio de Janeiro". Naam, Rio ya Brazili! Imekuwaje? Mmea huu Wareno waliuvusha kutoka Afrika wakaupeleka Brazili, ukashika ardhi, ukaenea. Akatokea padri wa Kifransisko mwenye bidii kubwa ya kuchunguza mimea, José Mariano da Conceição Vellozo, akaandika kitabu cha mimea ya eneo la Rio. Akaukuta unaota huko, akauchora, akauandika kwa jina la mahali alipoukuta. Kitabu chake kilianza kutolewa mwaka 1829, yeye akiwa ameshafariki mwaka 1811. Na sheria ya majina ya kitaalamu ni kwamba jina sahihi lililotangulia kuchapishwa ndilo linalobaki.

Basi ua lililokuwa likinukia katika vichaka vya pwani hii, lenye jina lake katika vinywa vya watu, limeandikwa katika vitabu vya dunia kwa jina la mji ulio ng'ambo ya Atlantiki. Huko Florida, Marekani, ambako umegeuka kuwa mmea vamizi unaozonga misitu, watu huuita kwa Kiingereza yasmini ya Brazili. Simlaumu padri, aliandika alichokiona, na aliandika kwa uaminifu. Lakini nauliza: mtoto wa Kiswahili anayesoma biolojia, akafundishwa jina hilo la Kilatini, atamjua nani wa kumwambia kwamba mmea huo ni wa kwao, na kwamba una jina la kwao? Afu halimo katika vibao. Afu halimo katika vitabu vingi vya shule. Likitoka katika vinywa vya wazee, limekwisha.

Turudi kwenye asumini ya uani, kwa kuwa nayo ina jina la kitaalamu lenye kisa. Inaitwa Jasminum sambac. Linnaeus, Mswidi aliyeweka utaratibu wa majina ya mimea, mwaka 1753 aliiweka katika jenasi nyingine, yaani kundi jingine la mimea, akaiita Nyctanthes, neno la Kiyunani lenye maana ya ua la usiku, jina ambalo kila aliyewahi kupita uani baada ya Isha atasema limestahili. Mwaka 1789 William Aiton, mtunza bustani ya Kew huko Uingereza, akaihamishia miongoni mwa yasmini. Lakini sambac likabaki, na sambac ni zanbaq ya Kiarabu. Katika vitabu vya zamani vya tiba na manukato, mafuta ya zanbaq ni mafuta ya yasmini. Leo Mwarabu ukimwambia zanbaq anawaza yungiyungi. Jina limeliacha ua moja likahamia jingine, na lile la kwanza linatunzwa na Kilatini peke yake. Na huko Misri, Yemen na Jizani ya Saudia, ambako asumini hii huvaliwa shingoni na kichwani kwa wingi kama kwetu au kutushinda, wao huiita full.

India ina majina mengi kuliko ninavyoweza kuyapitia hapa, na ni haki yake, kwa kuwa ndiko nyumbani kwa ua hili: mallika katika Kisanskriti, malli katika Kitamil, mogra katika Kihindi na Kigujarati, na majirani zetu wengi wa asili ya India hapa mjini wanalisema hilo la mwisho mpaka leo. Ninalotaka mlishike ni kwamba jina la mallika lilitoka India likaenda China likawa moli, na jina la yasmini lilitoka Uajemi likaenda China vilevile likawa yeximing. Katika karne ya 9 mwandishi wa Kichina Duan Chengshi aliandika kwamba yasmini ni ua la Uajemi na la nchi ya Rumi. Yaani China ililipokea ua kwa milango miwili, na kila mlango ukaacha jina lake. Baadaye moli ndilo lililoshinda, na chai mnayoinunua leo yenye harufu ya asumini huitwa kwa jina hilo. Indonesia nayo ililichukua neno la Kisanskriti malati, jina la yasmini nyingine, likawa melati, na mwaka 1993 melati ikaandikwa kwa amri ya rais kuwa mojawapo ya maua ya taifa.

Kisa ninachokipenda kuliko vyote kiko mbali zaidi, Hawaii. Kule asumini inaitwa pikake. Mnajua pikake maana yake nini? Tausi. Ndege tausi! Binti mfalme Kaʻiulani, aliyezaliwa mwaka 1875 na kuteuliwa kuwa mrithi wa kiti cha ufalme wa Hawaii, alipenda vitu viwili katika bustani ya nyumba yao ya Waikiki: tausi waliokuwa wakitembea uwanjani, na maua ya asumini. Neno la Kiingereza la tausi, peacock, lilikuwa limekwisha kutamkwa Kihawaii likawa pikake, na watu wakalihamisha kutoka kwa ndege likaenda kwa ua, kwa ajili ya mapenzi ya binti yule. Ufalme ulipinduliwa mwaka 1893, na yeye akafariki mwaka 1899 akiwa na umri wa miaka 23. Hakukalia kiti. Lakini maharusi wa Hawaii wanavaa makoja ya pikake mpaka leo, na kila anayelitaja ua analitaja kwa kumbukumbu yake, ajue asijue.

Hapa ndugu zangu tumepata kitu ambacho Uarabuni na Ufilipino havikutupa. Kule maana ilitafutwa ndani ya silabi. Hawaii maana iliwekwa na maisha ya mtu, na mwaka wake unajulikana, na nyumba yake inajulikana. Ninyi mnaompa mtoto jina la Asumini, mkiulizwa maana, kwa nini msijibu hivyo? Semeni: ni ua jeupe linalochanua jioni, ndilo alilovaa bibi yake siku ya harusi. Hiyo ni kweli, na ni yenu. Haihitaji kuazima "zawadi ya Mungu" kutoka orodha isiyo na mwenyewe.

Ni lazima niseme pia kwamba jina zuri huazimwa na wenye mambo makubwa. Tunisia wana mashmum, shada dogo la tumba za yasmini, kila tumba imefungwa kwa uzi kwenye kijiti cha nyasi ngumu, na wanaume huliweka nyuma ya sikio. Aliyezoea kikuba akiliona hatahitaji mkalimani. Mwaka 1987, Waziri Mkuu Ben Ali alipomwondoa Rais Bourguiba, watu waliita tukio lile mapinduzi ya yasmini. Tarehe 14 Januari 2011, Ben Ali huyo huyo alipokimbia nchi, magazeti ya Ulaya yaliita tukio hilo nalo Mapinduzi ya Yasmini. Watunisia wengi hawakulipenda jina hilo, na wana sababu. Yaliyoanzia Sidi Bouzid, mji wa bara wenye dhiki, baada ya kijana mchuuzi Mohamed Bouazizi kujichoma moto, yalikuwa ya uchungu na njaa ya haki. Wao waliyaita mapinduzi ya utu. Na katika mwaka huo huo, serikali ya China ilizuia neno moli katika intaneti, na wauza maua wa Beijing wakakatazwa kuuza yasmini. Ua halikuwa na kosa lolote. Waliolilima walihesabu hasara kwa ajili ya jina.

Kuna jambo moja la tahadhari, na nitalipita haraka kwa kuwa halihitaji maneno mengi. Si kila kiitwacho yasmini ni yasmini. Mti unaonukia usiku ambao wengine huuita malkia wa usiku, na kwa Kiingereza hupewa jina la yasmini, ni wa ukoo wa nyanya na biringani, na asili yake ni Amerika. Na ule mtambaazi wa maua ya manjano ulio ua la jimbo la South Carolina tangu 1924, uitwao Gelsemium, umelichukua jina lake kutoka neno la Kiitaliano la yasmini, gelsomino, lakini una sumu kali. Yasmini za kweli ni za ukoo wa mzeituni. Kwa hiyo anayetaka kutia maua katika chai au katika mafuta ya mtoto asiridhike na jina lililo kwenye pakiti. Autazame mmea wenyewe.

Mabibi na mabwana, nimebakiza ombi moja, na nalileta kwenu kwa sababu mliomo ndani ya ukumbi huu mnaweza kulitimiza.

Kamusi zetu zinatupa asumini, zinatupa afu, kisha zinanyamaza. Lakini wanaotunga vikuba wanazijua asumini kwa aina zake. Iko yenye petali chache zilizo wazi, na iko iliyojaa petali mpaka inafanana na waridi dogo. Iko inayodumu katika uzi mpaka asubuhi, na iko inayogeuka rangi kabla ya usiku wa manane. Je, hizo zote zinaitwa jina moja katika mtaa wenu? Bibi zenu waliziitaje? Na mwafu, katika kijiji chenu unaitwa mwafu, au una jina jingine? Ua lake linavaliwa, au linaachwa porini? Haya hayamo katika vitabu, yamo majumbani.

Basi kabla ya kikao kijacho, kila mmoja amwendee mzee mmoja wa kwao, mama, bibi au shangazi, amuulize majina, ayaandike kama mzee anavyoyatamka hata yakitofautiana na kamusi. Pembeni aandike mtaa au kijiji, umbo la ua na idadi ya petali zake, saa linapochanua, na kazi linayofanya. Wenye miche ya kuuza nawaombeni mwandike vibao upya: mwasumini juu, jina la mtaani kwenu chini yake, na la Kilatini mwisho. Karatasi za kuandikia ziko mezani karibu na mlango. Chukueni mbili mbili, moja ya asumini na moja ya afu.